Chupa ya Sikitu

Isome hadi mwisho, kisha mtumie mzazi mwenye mtoto anayecheza peke yake.

Mama mmoja alikuwa na binti wa miaka sita, Sikitu, mwenye usonji. Kila mapumziko Sikitu alikaa pembeni mwa uwanja wa shule, akichota mchanga kwa kiganja na kuumimina ndani ya kizibo cha soda. Hakumwangalia mtu.

Mwalimu mkuu akamwita mama yake. "Mama Sikitu, nampa hadi Ijumaa. Asipocheza na wenzake, mtafutie shule nyingine."

Shule nyingine ya karibu haikuwepo.

Jumatatu mama alimshika mkono kumpeleka michezoni. Sikitu akapiga mayowe. Jumanne, vilevile. Jumatano mama alikuwa amechoka. Akaketi chini kando ya mwanawe.

Mbele yao wasichana walicheza rede: wawili wanarusha mpira, wa katikati wanaukwepa huku wakijaza chupa mchanga. Chupa ikijaa, wameshinda. Lakini kwa pupa yao, mchanga ulimwagika wote nje.

Chausiku, aliyekwisha kushindwa mara nne, akasimama kumtazama Sikitu. "Huyu hamwagi hata punje."

"Atapigwa huyo. Hajui kukwepa," mwenzake akasema.

"Mjazaji hapigwi."

"Sheria ya nani hiyo?"

"Mpira wa nani huu?"

Chausiku akaiweka chupa karibu na goti la Sikitu, bila kumgusa wala kumsemesha. Wakachora mistari upya, katikati ya mchezo ikawa pale alipoketi. Sikitu akaitazama chupa kitambo, kisha akaanza kujaza.

Ijumaa mwalimu mkuu alifika, akasimama kando ya mama, mikono nyuma. Mpira ulipita juu ya kichwa cha Sikitu, naye hakushtuka. Mchanga ulipofika mdomoni mwa chupa akainuka, akapita katikati ya wenzake, akamwekea Chausiku chupa mkononi.

"Imejaa," akasema.

Mama yake hakuwahi kumsikia akimwambia mtoto mwenzake neno lolote.

"Mmemfundishaje kucheza?" mwalimu mkuu akauliza.

"Hatukumfundisha, Mwalimu," Chausiku akajibu, huku akiimwaga chupa ili waanze tena. "Tulihamia kwake."

Mwalimu mkuu akatazama mistari ile mchangani, kisha akamgeukia mama. "Jumatatu asichelewe."

Funzo: Mtoto anayecheza peke yake huenda tayari anaijua sehemu yake ya mchezo. Usimburute, usogeze mchezo hadi alipo.