Unyayo wa Tembo kwenye Fomu ya Maparachichi

Hapo zamani za kale, watoto, na msidhani ukale huo umekwisha, Tembo alikuwa na shamba la maparachichi kando ya mto. Alilipanda mwenyewe, akalimwagilia kwa mkonga wake miaka saba. Mwanawe alikuwa mgonjwa, amekonda kwa kukosa chumvi, na chumvi ilipatikana ng'ambo tu, kwa Korongo. Korongo naye alitaka maparachichi.

Tembo akavuna kama ukoo wake unavyovuna: akaukamata mti kwa mkonga, akautikisa. Pu, pu, pu! Akajaza makapu, akavuka.

Korongo, ambaye ndiye aliyekuwa mkaguzi, akapasua tunda moja kwa mdomo. Ndani mlikuwa na funza. Akamweleza kwa upole kwamba tunda lililogusa ardhi halivuki, lisilo na kikonyo halivuki, na la shamba lisiloandikishwa kwenye fomu halivuki. Makapu yote yakamwagwa shimoni. Tembo akarudi bila hata punje ya chumvi.

Jirani yake Kindi alikuwa akimsubiri. Mnamjua Kindi: mwili kiganja, maneno gunia.

"Pole, mzee wangu," akasema. "Kupanda mti niachie mimi, na fomu nitakujazia. Huo mguu wako utashika kalamu kweli?"

Tembo akamshukuru mpaka machozi yakamtoka. Inaniuma kulisimulia hili. Kindi akaandika, kwaru kwaru, kisha akaitandaza fomu chini.

"Umeandika nini?" Tembo akauliza.

"Shamba la Tembo. Kanyaga hapa."

Tembo akakanyaga. Ti!

Kindi akachuma wiki nzima, moja moja, kila tunda na kikonyo chake. Kazi aliifanya, siwezi kumnyima hilo. Tembo akabeba makapu, wakavuka pamoja. Korongo akapasua, akakuta safi, akaleta magunia matatu ya chumvi. Tembo akanyoosha mkonga.

"Subiri," Korongo akasema, akaisoma fomu. "Mwenye shamba, Kindi. Mchukuzi, Tembo, na unyayo wake huu hapa. Si wako?"

Tembo akautazama. Ulikuwa wake. Nani mwingine ana unyayo kama ule?

"Nikuponde?" akamwuliza Kindi, akiinua mguu.

"Niponde. Shamba litakuwa la marehemu, na parachichi la marehemu halivuki."

Kindi akamgawia konzi moja ya chumvi, ujira wa kubeba, na konzi ya Kindi mnaweza kuikisia. Mtoto wa Tembo akairamba, ikaisha siku hiyo hiyo.

Msimu uliofuata, Tembo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika shambani, kumwuliza Kindi kama kuna makapu ya kubeba.

Ukimwachia mwenzio kalamu, umemwachia na shamba.