Bega la Mheshimiwa Mbonea

"Bega lililobeba halisomi karatasi." Ndivyo nesi Nakiete alivyowaambia jana mlipomsomea hotuba yenu ya maji, na leo mmenijia mkiuliza maneno hayo yametoka wapi. Msiwasingizie wahenga. Yalianzia hapa hapa Kwamrindi, na mimi nilikuwepo.

Wakati huo huku mlimani hapakuwa na zahanati. Iliyokuwepo ilikuwa kule chini, kwenye barabara ya lami, na njia ya kuifikia ilijaa mashimo ya kumeza ng'ombe. Mgonjwa tulimbeba kwa machela, wanaume wanne, tukipokezana. Wajawazito nao vivyo hivyo. Wengine walijifungulia njiani, na si wote waliorudi na watoto.

Mbunge wetu, Mheshimiwa Mbonea, alikuwa mtu mwema, ila mtu wa karatasi. Siku moja akasema anakuja kutuona. Sasa sikilizeni ujinga wetu. Baragumu lilipigwa, tukatoka msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, tukafukia mashimo kwa udongo siku tatu, ili mgeni asiumie mgongo. Mheshimiwa akapanda na gari mpaka juu, analiendesha mwenyewe. Akashuka, akasema, "Mbona njia yenu si mbaya?" Tukapiga makofi! Ndiyo, tulipiga makofi.

Mchana mvua ikanyesha. Udongo wetu wote ukaenda bondeni, gari la mheshimiwa likazama mpaka mlangoni. Na saa hiyo hiyo Namkunda, mke wa Senzota, akashikwa na uchungu. Wanaume wengi walikuwa wameshakwenda mnadani. Tulikuwepo Senzota, mimi na mzee Kajiru, kiongozi wa machela. Alipungua mmoja.

Kajiru akamgeukia mbunge. "Mwanangu, vua koti."

"Mzee, mimi sijawahi..."

"Namkunda naye hajawahi kuzaa. Shika mti huo."

Akashika. Kona ya kwanza aliteleza. Kona ya tatu kiatu chake kilibaki kwenye tope, hakurudi kukichukua. Namkunda akapiga kelele kutoka juu ya machela, "Nani huyo ananipepeta kama maharage?"

"Mbunge wako!" Senzota akamjibu.

"Basi mwambieni akiniangusha, kura yangu asahau!"

Tulicheka huku tunalia. Tulifika. Muda si mrefu tukasikia kichanga kikilia ndani, na Mheshimiwa Mbonea akakaa chini ukutani, mguu mmoja peku, bega limechubuka, anacheka peke yake.

Wiki mbili baadaye tulijazana kwa Kajiru kusikiliza Bunge kwenye redio. Mbonea alisoma swali lake vizuri sana: je, Serikali ina mpango gani wa kujenga zahanati Kwamrindi?

Naibu Waziri akajibu, "Mheshimiwa Spika, wananchi wa Kwamrindi wanahudumiwa na zahanati iliyopo chini. Njia inapitika. Mheshimiwa mbunge mwenyewe juzi amepanda kwa gari mpaka juu."

Wabunge wakacheka. Sisi tukatazamana. Msaragambo wetu ulikuwa umetuponza.

"Swali la nyongeza," Spika akasema.

Tulisikia karatasi ikikunjwa.

"Mheshimiwa Spika, nilipanda kwa gari kwa sababu watu wale walinifukia mashimo kwa mikono yao. Kushuka nilishuka kwa miguu, nimembeba mama mwenye uchungu. Kona ni kumi na saba. Kona ya tisa wabebaji wa nyuma hupiga magoti, mama asiporomoke. Namwomba Naibu Waziri aje. Asije kukagua njia, aje ashike machela. Nitamwachia mbele, ni kwepesi kidogo."

Meza zikagongwa mpaka redio ya Kajiru ikakoroma. Naibu Waziri akasimama. "Mheshimiwa Spika, nitakwenda."

Kajiru akapiga paja lake. "Mmemsikia? Siku zote anasoma kama mtoto wa shule. Leo hakusoma. Bega lililobeba halisomi karatasi!"

Tukaimba mpaka majirani wa ng'ambo wakaja kuuliza nani anaoa.

Naibu Waziri alikuja kweli. Safari hiyo baragumu halikupigwa, hatukufukia hata shimo la panya. Gari lake lilikwama kona ya pili, akamalizia kwa miguu, akafika juu anahema, na kabla ya kuomba maji ya kunywa akauliza kiwanja cha zahanati kiko wapi. Msingi tuliuchimba wenyewe. Nyinyi nyote mmezaliwa humo. Na kichanga kile kilicholia kule chini ndiye Nakiete, nesi wenu.

Sasa hotuba yenu. Mmeiandika vizuri, sikatai, ina maneno ambayo mimi siyajui. Lakini mkutano na mkuu wa wilaya ni Jumamosi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kushuka kijitoni kuchota. Namkunda ni bibi sasa, na mtungi wake ni mkavu. Ndoo zile pale. Nendeni, mrudi, kisha mseme.

Bega lililobeba halisomi karatasi.