Dawa ya Tumbo la Mwinyi Dosa

Alikuwepo bwana mmoja, tumbo mbele mwenyewe nyuma, akiitwa Mwinyi Dosa. Alimkamata mbuzi wa maziwa wa Bi Somoe, mganga wa mitishamba, eti kala mchicha wake, akamfunga mlangoni pake. Kesho yake akashindilia maharage na mihogo, tumbo likamjaa gesi hadi likavimba kama ngoma. Akamwita Bi Somoe.

"Nitibu upesi, la sivyo mbuzi wako namchinja leo leo!"

Bi Somoe hakubishana. Alitwanga tangawizi, akaichemsha na iliki na bizari nyembamba, akammiminia kikombe.

"Kunywa, bwana wangu. Lakini dawa hii haimsaidii mtu aliyekaa. Mfungulie mbuzi, umfuate nyuma. Usimtangulie, usimgeuze. Akisimama, umepona."

"Nimfuate mbuzi yupi?"

"Yeyote, bwana. Huyo wa mlangoni ndiye aliye karibu."

Mbuzi alipofunguliwa alitoka mbio. Mwinyi Dosa akamfuata, akijamba kila kona, watoto wakimshangilia. Mbuzi hakusimama mpaka uani kwa Bi Somoe, ambako kitoto cha mbuzi huyo kilikuwa kikilia njaa tangu jana.

Mwinyi Dosa akajipapasa. Tumbo limenywea!

"Nimepona! Haya, lete kamba nimrudishe mbuzi."

Bi Somoe, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, akampa kamba kwa mikono miwili.

"Mchukue, bwana. Ila gesi imetoka kwa kumfuata huku. Ukimrudisha kule, nayo inarudi."

Mwinyi Dosa akaitazama kamba, akalishika tumbo, akaenda zake mikono mitupu.