Winga Aliyeivua Namba Tano

Mtu mmoja alikuwa na miguu myepesi kuliko watu wote wa mji wake. Jina lake Seth Ormerod, mchimba makaa ya mawe wa Thornroyd, kaskazini ya Uingereza, katika miaka iliyofuata ile vita kuu ya kwanza. Siku za kazi aliinama chini ya ardhi. Jumamosi alicheza raga, ile ya watu kumi na watatu, akiwa winga mwenye jezi namba tano. Akishika mpira, uwanja mzima ulisimama.

Katika mchezo ule namba si mali ya mtu, ni ya nafasi. Anayehama nafasi huiacha jezi. Ormerod alilijua hilo, lakini kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Kisha miguu ikazeeka kabla ya mgongo. Mwalimu wa timu, Bwana Jabez Holroyd, alimwita kando, akababaika kabla ya kumwomba ahame nafasi. Clifford Haigh, mchezaji mpya, alikuwa na mbio; na mstari wa mbele, pale wanaume wanapokumbatiana na kusukumana vichwa chini, ulipungukiwa na mtu. Kuingia humo ni kama kuzikwa, hakuna auonaye uso wako. Kukataa ni kustaafu huku jina bado linang'aa. Ormerod alikaa, jezi mapajani, roho ikimuuma. Hatimaye akaikunja, akampa Haigh.

"Kama timu inataka mgongo wangu, Bwana Holroyd, basi miguu na ipumzike."

Jumamosi iliyofuata akatoka na namba nane, jezi ya mstari wa mbele. Watu wakamcheka. "Babu Seth, umepotea! Pembeni ni kule!" Aliinama, akasukuma, msimu mzima.

Siku ya fainali ya kombe, Thornroyd walikuwa nyuma kwa pointi mbili, na muda ulikuwa ukiyoyoma. Wakainama mara ya mwisho. Ormerod alikita viatu matopeni, akasukuma kama mtu anayeinua paa la mgodi lililowaporomokea wenzake. Wapinzani wakarudi nyuma, wakarudi tena. Mpira ukatoka miguuni pa wenzake, ukapita mkono kwa mkono hadi kwa Haigh, naye akachanja mbuga pembeni, akautua ng'ambo ya mstari: pointi tatu.

Kombe likawa la Thornroyd! Watu wakavamia uwanja, wakambeba Haigh mabegani. Lakini wa kwanza kulitangaza jina la Haigh kwa sauti alikuwa mtu aliyepiga magoti matopeni, damu sikioni, mikono juu, akicheka: Seth Ormerod.

Ndugu zangu, mtu awezaye kushangilia hivyo, ni nani atakayemshinda?