Matanga ya Mashine ya Mama Nguchiro

Jamani, masikio yapo?

Yapo, mawili mawili!

Na midomo?

Imefungwa!

Sasa mmejibu kwa nini? Haya, sikilizeni.

Mama Nguchiro alikuwa anatwanga kisamvu, twa! twa! twa!, binti yake Kunazi alipoingia mbio.

"Mama! Mzee Kiboko amebeba mashine! Na gitaa amebeba!"

"Amebeba anapeleka wapi?"

"Kwake mtoni. Kasema mto mzima unataka kumsikia yeye, siyo sisi."

Mama Nguchiro akaweka mchi chini.

Mashine yenyewe ilikuwa amplifaya ya zamani, yenye taa nne za kioo ndani. Ukiiwasha, taa hupata moto polepole, ndipo gitaa lisikike. Umeme ulitoka wapi, msiniulize. Wanyama wa ngano hawakatiwi umeme. Kila jioni Mama Nguchiro aliketi mlangoni akapiga wito wake, ti-nde-nde, ti-nde-nde, na watoto wake tisa walioshinda wakichimba wadudu wakarudi nyumbani. Msimu ule majani yalikuwa yamewapita kimo. Wanane waliweza kufuata njia. Njugu, kitindamimba, macho yake hayakuwa mazuri. Yeye alifuata sauti tu.

"Nani hajarudi?" akauliza Mama Nguchiro.

"Njugu."

"Peke yake?"

"Peke yake, Mama."

Jua lilikuwa limebakiza vidole vitatu kuzama. Likizama, chatu hutoka.

Mara kutoka mtoni wakasikia: NGUUU-BWAAA! NGUUU-BWAAA! Majani yakatetemeka.

"Kafungua vifundo vyote vya sauti mpaka mwisho," Mama Nguchiro akasema. "Sauti ya gitaa imekuwa nzito kama tope. Njugu akisikia hivyo atajificha." Akajifunga kanga kiunoni, akashika njia.

Akamkuta Kiboko amekaa mbele ya mashine, ameikumbatia kama sahani ya pilau.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kunisikiliza?"

"Nimekuja kuchukua mashine yangu. Mwanangu hajarudi."

"Yako? Ilikuwa yako asubuhi. Sasa iko kwangu, basi ni yangu." Akapiga gitaa. BWAAA! Vyura watatu wakazimia. Kiboko mwenyewe akakunja uso. "Lakini mbona inakoroma? Nimeongeza besi, inakoroma. Nimeongeza sauti ya kati, inakoroma. Nimeongeza sauti nyembamba, inakoroma na kupiga mluzi juu. Niongeze nini tena?"

Hapo Mama Nguchiro akaona upenyo.

Niwaambie asilolijua Kiboko. Vifundo vile vitatu haviongezi kitu. Vinachuja, kama kifumbu kinavyochuja tui. Wewe unachagua kipi kipite na kipi kibaki. Na kwa mashine ile, ukivifunga vyote vitatu, halipiti hata tone.

"Niruhusu niiguse, mzee wangu."

"Iguse. Fanya haraka."

Akarudisha besi mpaka sifuri, kri. Akarudisha sauti ya kati mpaka sifuri, kri. Akarudisha sauti nyembamba mpaka sifuri, kri. Kifundo cha nne, cha ukubwa wa sauti, akakiacha pale pale mwisho.

"Piga, mzee."

Kiboko akapiga. Kimya.

"Piga tena."

Akapiga tena. Kimya.

"Lakini taa si zinawaka?" akauliza Kiboko.

"Macho yamebaki wazi, mzee. Roho haimo."

Kisha Mama Nguchiro akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele: "Uwiii! Uwiii! Jamani njooni! Kwa Mzee Kiboko kuna msiba!"

Msiba haungoji mwaliko. Akaja Ngiri na mkeka. Akaja Nungunungu na mkewe, na shemeji wa mkewe. Akaja Kobe taratibu, lakini alikuja, na bakuli lake mkononi.

"Pole sana, mzee," Ngiri akasema, akatandika mkeka. "Marehemu alikuwa na sauti. Matanga siku ngapi?"

"Mbona unaniuliza mimi?"

"Mali si yako? Maiti ya mali yako, mfiwa ni wewe. Na mfiwa ndiye mwenye sufuria."

"Siku tatu," akasema Nungunungu. "Sisi hatuna haraka."

"Saba," akasema Kobe. "Mimi nimetoka mbali."

Kiboko akatazama matikiti yake yaliyopangwa nyuma ya nyumba. Akatazama bakuli la Kobe. Jasho likamtoka.

"Si yangu!" akanguruma.

"Sema tusikie sote," akasema Mama Nguchiro.

"Si yangu! Si yangu kabisa! Ni ya Mama Nguchiro! Abebe maiti yake, na matanga mkale kwake!"

"Mmesikia, jamani?" akauliza Mama Nguchiro, huku akichomoa waya.

"Tumesikia!"

"Basi nisaidieni kubeba, mashine na gitaa."

Walipofika nyumbani, jua limebakiza kidole kimoja. Akawasha. Taa zile hazijui haraka ya mzazi. Mama Nguchiro akasubiri, akizitazama. Zikawa nyekundu kidogo. Zikawa nyekundu vizuri.

Akafungua besi kidogo sana, akafungua ya kati zaidi ya nusu, akapiga. Bado nzito. Akagusa nyembamba, na besi nayo ikabadilika, maana vifundo vile huvutana kama watoto kwenye shuka moja. Akapunguza huku, akarudisha kule. Mwisho akapunguza ukubwa wa sauti.

"Mama, atasikiaje ukipunguza?" Kunazi akauliza, machozi yanamlenga.

"Mashine ikilazimishwa inanguruma. Hataki ngurumo yule. Anataka mimi."

Ti-nde-nde. Ti-nde-nde. Safi, kama kijiko kwenye kikombe.

Hakuna kitu.

Ti-nde-nde. Ti-nde-nde.

Majani yakasogea. Pua yenye matope ikatokeza, na Njugu nyuma yake.

"Nilijificha shimoni, Mama. Lilikuwa linapiga dude kubwa. Nikasema huyu si Mama. Mama hapigi kelele."

"Hapigi kelele?" ndugu zake wanane wakaangua kicheko.

Mama Nguchiro akamshika kidevu, akamfuta matope kwa pindo la kanga, akaendelea kufuta hata yalipokwisha.

"Kanawe mikono," akasema.

Ngiri akakohoa. "Sasa, mama, matanga..."

"Marehemu amefufuka. Lakini kisamvu kipo, wanangu wamekipika. Kaeni."

Akapakua, sahani kwa sahani, akihesabu vichwa: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, saba, wanane. Njugu, tisa. Wote wapo. Hata Kobe alipata bakuli lake, likajaa.

Nanyi mliosikia, shikeni mafunzo. Msidanganye kwenye msiba hata siku moja. Msiguse vifundo vya mashine iliyoko kwa mtu. Na mkubwa akisema kitu si chake, mwaminini, maana wakubwa hawasemi uongo.

Ngano imeiva, naiepua.

Epua, mama, tule!