Mbwa Mmoja wa Mama Lwitiko

Kaeni mnisikilize. Mwenye karanga mdomoni azimalize kabisa, maana mwishoni kuna swali, na swali hili halijibiwi na mtu anayetafuna.

Palikuwa na mbwa watatu. Mmoja alikuwa na masikio, mmoja alikuwa na pua, mmoja alikuwa na kifua. Mtasema mbwa wote wana masikio na pua na kifua. Ndiyo, na watu wote wana akili, tunaona wanavyozitumia.

Mwenye masikio aliitwa Nyamaza. Alikuwa kijibwa jike, koko wa njia panda, rangi ya majivu ya jana. Alitoka kwa Subilaga, wifi yake mama Lwitiko, aliyempa jina hilo kwa ajili ya jirani yake mmoja mwenye mdomo: kila jioni wifi alisimama uani kumwita mbwa, na jirani akapata ujumbe wake. Nyamaza alisikia kila kitu. Kunguru akiwa bado anafikiri kuruka, yeye alishamsikia. Ila kila alichokisikia alikitangaza. Jani likianguka, kelele. Moshi ukigeuka, kelele. Mtangazaji wa namna hiyo watu huacha kumsikiliza.

Mwenye pua aliitwa Watajiju. Huyu alikuwa mbegu ya wawindaji wa bondeni, mwembamba, mbavu zake ungezihesabu bila kumsumbua. Alitoka kwa mjomba Mwaipaja, ambaye naye alikuwa na majirani, ndiyo asili ya jina. Ukimnusisha Watajiju kiatu chako, nenda ujifiche kokote utakako, chini ya kitanda cha mkwe wako, atakuja kukaa mlangoni akungoje. Ila penye mfupa wake hakutaka mtu. Mtoto aliposogea alimwonyesha meno. Hakuuma. Aliyaonyesha tu, kama mtu anavyoonyesha kitambulisho.

Mwenye kifua aliitwa Simba. Huyo alikuwa wa mbegu ya kizungu, manyoya marefu, kichwa kama kinu. Shemeji Ambakisye, dereva wa lori, alimpata kwa tajiri mmoja wa Mbeya aliyekuwa anahama. Mtoto alimvuta masikio, akamtia kidole puani, akamlalia tumbo; Simba alipumua tu. Subira aliyokuwa nayo, ungewagawia wanaume wa kata nzima na nyingine ikabaki. Ila alipenda usingizi, na alikula kama mgeni wa harusi.

Sasa, mtoto mwenyewe. Aliitwa Lwitiko, na mama yake Atuganile alimpata baada ya kusemwa miaka mingi na watu ambao leo wanambeba mtoto huyohuyo na kumwita mume wao. Walikaa juu kabisa, huko Rungwe, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Mume alikuwa Chunya machimboni. Atuganile alilima peke yake, akapika peke yake, akalinda peke yake, na Lwitiko alikuwa amejifunza kutembea. Alitembea kama mlevi, lakini akielekea hatarini hakuyumba. Alishaopolewa kijitoni akiwa amekaa majini anacheka. Na nyani walikuwa wakishuka hadi uani kuchukua mahindi.

Ndugu wakaona, mwanamke huyu anahitaji mbwa. Waliona vizuri. Ila waliona kila mmoja kwake, bila kuulizana, na wiki moja haikuisha uani pana mbwa watatu wanatazamana.

Ng'ambo ya ua aliishi baba mkwe wake. Na hapa mnielewe. Kwa watu wa Atuganile, mke hamtazami baba mkwe usoni, wala jina lake halimtoki mdomoni. Basi mzee akaja mpaka kwenye migomba, akaupa uso mlima, akasema, "Mwambieni mama Lwitiko, mbwa ni mmoja. Wawili ni ugomvi, watatu ni kijiji, na kijiji kitakula nini?"

Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Mama Lwitiko mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mgomba, karibu kiasi cha kusikia mzee akikohoa.

"Mwambieni baba nimesikia," Atuganile akauambia mgomba.

"Siku ya gulio walioleta mbwa waje. Mmoja atabaki, wawili warudi kwao."

"Mwambieni sawa."

Tabu moja ikabaki, ambayo Atuganile hakuweza kumweleza mtu, kwa sababu kuieleza kulikuwa ni kukosa adabu. Baba mkwe huyo jina lake lilikuwa Simba. Mzee Simba. Ambakisye, mwanawe wa kumzaa, alileta mbwa mwenye jina la baba yake, akamfunga uani, akanywa chai, akaondoka na lori lake. Wanaume wengine jina la baba yao hulisikia tu likiwa limefuatwa na fimbo.

Basi Atuganile akamwita mbwa huyo Huyo. "Huyo, njoo ule." Mbwa hakujua kwamba yeye ndiye Huyo, ila alijua sufuria, kwa hiyo alikuja.

Siku ya gulio ikafika. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Atuganile alikaa jikoni anamenya ndizi. Lwitiko alikuwa nje mlangoni, juu ya gunia, ndani ya sweta yake. Penye pengo la ua alilala Simba, ameliziba lote kama mlango. Atuganile akatazama, akaona mambo yako sawa, akaendelea kumenya.

Lwitiko aliona kitu upande wa pili. Aliona nini, hajasema hadi leo. Akapanda mgongoni kwa Simba, akashukia ng'ambo. Simba akafumbua jicho moja, akaona ni mwenye nyumba, akalifumba.

Nyamaza akaanza kubweka.

"Nyamaza," akasema Atuganile.

Kijibwa akaja mbio mpaka jikoni, amesimamisha masikio, kwa sababu ameitwa. Akageuka, akakimbilia kwenye pengo, akabweka tena.

"Nimesema nyamaza."

Akaja tena. Kila alivyofukuzwa ndivyo alivyoitwa, na kila alivyoitwa alikuja. Mwishowe akauma pindo la kanga na kulivuta, na Atuganile akainuka na kisu cha ndizi mkononi ili amchape kwa ubapa wake. Kusimama huko ndiko kulikomfanya aone gunia. Lilikuwa tupu.

Hakupiga kelele. Alitupa kisu, akashika njia ya kushukia kijitoni, maana mtoto alikoopolewa mara ya kwanza ndiko mama atakakomtafuta mpaka anazeeka. Watajiju hakumfuata. Alinusa gunia, akanusa mgongo wa Simba, akaruka ua, akaanza kupanda mlima.

"Wewe, si huko," Atuganile akamwambia.

Watajiju akasimama, akamtazama kama fundi anavyomtazama mwenye nyumba anayemfundisha kushika nyundo. Kisha akaendelea.

Jamani, huo ulikuwa mzani. Chini kulikuwa na maji. Juu kulikuwa na mbwa mwenye jina la kugombana na watu, aliyemwonyesha mwanawe meno juzi. Na ukungu haukumwachia kuona hatua kumi mbele. Akigeukia kwa mbwa na mtoto yuko majini, hatamkuta. Atuganile alisimama kiasi cha pumzi moja, akasikia makucha yakikwaruza mawe huko juu, hayayumbi, hayarudi nyuma. Akainua kanga yake mpaka magotini akayafuata.

Yakampeleka mbali, kupita migomba, kupita mahindi, mpaka shamba la viazi la zamani lililomezwa na magugu, ambapo yeye mwenyewe, angetafuta kwa akili yake, angefika jioni. Huko ukungu ulikuwa umepasuka, kijua kimepata nafasi. Watajiju akakauka, mguu mmoja hewani.

Lwitiko alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe, amenyoosha mkono. Juu ya jiwe alikuwepo nyoka, kifutu, anaota jua. Mnamjua kifutu: mfupi, mnene, analala kama kamba iliyosahauliwa, na wala hampishi mtu. Alikuwa ameanza kutoa ule mlio wake wa moto uliomwagiwa maji. Na Lwitiko alikuwa anamjibu, "Ssss."

Watajiju akajikunja ili aruke. Ni mwindaji, anajua sheria moja tu. Lakini akiruka, nyoka atauma kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni vidole vidogo. Atuganile akamkanyagia mkia kumzuia. Yeye mwenyewe akikimbia, nyoka atashtuka na mtoto atageuka. Hapo akasikia pumzi nzito nyuma yake. Simba alikuwa amewafuata kwa mwendo wake wa kiungwana, ulimi nje.

"Huyo," akanong'ona. "Huyo, nenda kwa mtoto."

Simba akatikisa mkia kwa adabu. Hakukuwa na sufuria.

Ndipo Atuganile akaliita jina. Hakulinong'ona. Ulimi uliolibana tangu siku ya ndoa ulilitoa lote kwa mpigo, na mlima ukalipokea na kulirudisha.

"Simba. Simba, mtoto."

Simba akaenda. Alimpita Watajiju kama lori linavyopita baiskeli, akajiingiza katikati ya mtoto na jiwe, ubavu kwa nyoka, na kwa makalio akamsukuma Lwitiko hadi akakaa chini. Nyoka akapiga. Akapata mdomo mzima wa manyoya. Akapiga tena, akapata manyoya mengine. Mbwa hakubweka, hakuuma, hakukimbia. Alisimama kama ukuta, huku Lwitiko amemkamata mkia anacheka, mpaka Atuganile alipofika kwa nyuma na kumnyakua mtoto. Ndipo Simba naye akasogea kando, akajikuna. Nyoka akaingia chini ya jiwe na hasira zake.

Kutoka chini ikasikika sauti. "Naam."

Mzee Simba alikuwa ameitwa na mkamwana wake mlima mzima ukisikia, na mkamwana halitaji jina hilo mpaka dunia iwe inaisha. Alikuja na jembe begani, anakimbia, yeye ambaye hata mvua haimkimbizi. Nyuma yake Subilaga, Mwaipaja na Ambakisye, waliokuwa ndiyo kwanza wanafika. Alipouona uso wa Atuganile akageuka haraka, akaupa mgongo, akasema na ukungu.

"Mwulizeni mama Lwitiko kama ni yeye aliyeniita."

"Mwambieni baba anisamehe. Nilikuwa namwita mbwa."

Mzee akashusha jembe begani.

"Mbwa anaitwaje?"

Ambakisye alikuwa anavichunguza viatu vyake.

"Alikuja na jina lake, baba," akasema hatimaye. "Mjini kila mbwa mkubwa anaitwa hivyo."

"Na mimi nilikuja na langu. Nani alitangulia?"

Wifi Subilaga akaficha kicheko ndani ya kanga. Atuganile akawaeleza yote, kuanzia ndizi mpaka jiwe. Hapo kila mtu akampata mbwa wake.

"Bila Nyamaza wangu mngekuwa bado mnamenya ndizi," akasema Subilaga. "Mbwa wa kulinda mtoto kazi yake ni kusema. Hao wengine wawili, mmoja alikuwa kajinyamazia, mwingine alikuwa daraja."

"Amesema, kisha?" akauliza mjomba Mwaipaja. "Mngekuwa kijitoni mnachota ukungu kwa mikono. Watajiju alimpata wakati mama mzazi anaelekea kwingine. Samahani, mwanangu, lakini ndivyo."

"Ndivyo, mjomba."

"Yule aliyemwonyesha meno juzi?" Ambakisye akadakia. "Angeruka, leo tungekuwa na msiba. Aliyeweka mwili ni mmoja."

"Aliyeweka mwili ndiye aliyekanyagwa na mtoto akalala," akasema Subilaga. "Shemeji yake Atuganile hana haya."

Mzee Simba akapiga jembe chini. "Neno langu ni lile. Mmoja. Na huyo mkubwa akibaki, jina libadilishwe."

"Mbwa mzima habadilishwi jina, baba. Ukimwita vingine anadhani unasema na mtu mwingine," akasema Ambakisye.

"Basi nibadilishe mimi."

Hakuna aliyethubutu kucheka hapo. Mzee, mgongo ungali kwao, akasema polepole, na safari hii hakumtuma mtu, "Mama Lwitiko achague. Mtoto ni wake."

Atuganile akawatazama. Aliwaheshimu wote watatu, na heshima yake haikuwa ya bei rahisi. Wanadamu wengi walimwomba wakaikosa. Aliona kwamba Nyamaza atamwita, lakini pia atamwita kwa kunguru na kwa jani, na siku moja mama amechoka hatainuka. Aliona kwamba Watajiju atampata mtoto popote alipo, na kwamba mtoto huyo ipo siku atasogelea mfupa. Aliona kwamba Simba atasimama mbele ya chochote, ila lazima aitwe, na kumwita ni kumtukana baba wa watu kila kukicha. Na asipoitwa, atalala huku dunia inamruka mgongoni.

Kamba za mbwa wote watatu ziliwekwa mkononi mwake. Na Lwitiko alikuwa ameshaanza kujinyonganyonga begani, anataka ateremshwe, anaonyesha kidole kule msituni.

Mmesikia kama alivyosikia yeye, na sikuwaficha kitu. Msiniambie wote wabaki, sufuria mmeiona. Msiniambie amfunge mtoto, mfungeni wenu. Masikio, pua, kifua: kamba mbili ziachwe, moja ishikwe. Wewe ungeshika ya nani?