Jani la Njano

Mwenye sindano aendelee kudarizi, na mwenye mtoto aendelee kunyonyesha. Hadithi hii inaomba masikio tu. Mmeniuliza kwa nini kila shuka linalodariziwa hapa mlimani kwetu lina jani moja la njano katikati ya majani ya kijani. Tena mmeniuliza kwa nini mwanamke anayeanza kuuza kazi yake huenda kwanza kuomba uzi kwa jirani, hata kama kikapu chake kimejaa. Nami nitawasimulia kama bibi mzaa mama alivyonisimulia.

Zamani wanawake wa mlima huu walidarizi milango ikiwa imefungwa. Kila mmoja alikuwa na ua lake, na aliogopa jirani asije akaliiba kwa macho. Ukipiga hodi, ulisikia kwanza kitambaa kikisukumwa chini ya kitanda, ndipo ukakaribishwa. Walidarizi kwa ajili ya binti zao tu. Hakuna aliyewahi kumdarizia mgeni akalipwa.

Wa kwanza alikuwa Namkunda, mjane kijana mwenye mtoto mchanga. Maziwa yake yalikuwa yanakauka na mtoto alikuwa hashibi. Siku moja sokoni, mama mmoja wa bondeni aitwaye Nakiete alisimama kukitazama kilemba chake.

"Ua hili umelishona wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi nidarizie shuka la bibi harusi. Siku ya kumpeleka binti yangu kwa mumewe nitapita nyumbani kwako. Likiwa limekamilika, nitakuachia mbuzi mwenye maziwa. Lisipokamilika, mbuzi atarudi nami bondeni."

Namkunda alirudi nyumbani karibu akimbie. Kwa furaha ya kupata mteja, alishona majani kwa uzi wa mara mbili ili yavimbe na kupendeza. Alikuwa akilikunjua shuka mbele ya macho ya mtoto na kumwambia, "Tazama, hayo ndiyo maziwa yako." Lakini uzi wa mara mbili huisha mara mbili. Asubuhi ya siku ya harusi jani moja lilikuwa bado, na uzi wa kijani ulikuwa umekwisha. Siku hizo rangi ya kijani ilikuwa ikichemshwa kwa majani, kisha uzi unaanikwa juani ukauke. Na asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa. Namkunda akakaa sakafuni, shuka mapajani, akalia pamoja na mwanawe.

Jirani yake aliitwa Nambike, mama mtu mzima ambaye watoto wake walikwisha kuondoka nyumbani. Alikuja akasimama mlangoni.

"We Namkunda! Ni mmoja anayelia humo, au ni wawili?"

"Ni mtoto tu, mama."

"Basi nipe huyo mtoto. Hilo shuka lako lifiche vizuri, nisije nikaliona nikafa kwa wivu!"

Namkunda alicheka huku machozi yakimtoka, akafungua mlango. Kwa mara ya kwanza hakuficha kitu. Nambike alilitazama shuka, akaliona jani lililokosekana, wala hakuuliza. Alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko yake ya zamani, iliyodariziwa ua la njano pembeni. Kisha akaishika ile pembe, akaanza kulifumua ua lake taratibu.

"Mama, unaharibu mbeleko yako!"

"Imebeba watano na haitamwangusha mtu kwa kukosa ua. Tunga sindano, mwanangu."

Mtoto alilala mgongoni mwa Nambike, na jani la mwisho likashonwa kwa njano.

Nakiete alipofika na vigelegele nyuma yake, alilikunjua shuka. Kidole chake kikasimama.

"Hili mbona limenyauka?"

Namkunda alisema kweli. Uzi ulimwishia, na jirani alifumua mbeleko yake. Nakiete alimtazama Nambike, akamtazama mtoto aliyelala, akaitazama ile mbeleko yenye pembe tupu.

"Binti yangu anakwenda asikomjua mtu," alisema. "Nilimwombea mume mwema, nikasahau kumwombea jirani mwema. Sasa atalala na dua hiyo." Akamkabidhi Namkunda kamba ya mbuzi.

Wanawake wa bondeni walipoliona shuka lile, nao walikuja kuagiza, na kila mmoja alitaka lenye jani la njano. Kazi ikawa nyingi kuliko mikono ya Namkunda. Akatandika mkeka barazani, akamwita Nambike, kisha akawaita wengine, na milango ikafunguliwa.

Na tangu siku hiyo, hakuna anayedarizi hapa akiwa amejifungia, na hakuna anayeuza shuka lake la kwanza bila uzi wa jirani ndani yake. Mimi nilipoanza, nilikwenda kwa jirani yangu Mama Elinami, mtoto mgongoni, kikapu changu kikiwa kimejaa. Hakuniuliza chochote. Alinyoosha mikono, akampokea kwanza mtoto, kisha ndipo akaenda kutafuta uzi.